Mwenye Nyongeza au Masahihisho

Dafroza Minani alilishika jambo moja kwa ukali kuliko mengi aliyofundishwa katika katekisimu: mtu hajazikwa mpaka isemwe mbele ya watu, kwa sauti ya kusikika, namna alivyokufa. Hakulisoma popote. Alilipata katika kambi ya Mtabila, mkoani Kigoma, ambako maiti aliweza kukosa jeneza, lakini hakukosa wasifu. Msomaji alisimama upande wa kichwani mwa kaburi, akaeleza marehemu alizaliwa wapi, alikimbia lini, alioa nani, aliugua nini na alikata roho katika hali gani. Alipomaliza aliinua macho akauliza, "Kuna mwenye nyongeza au masahihisho?" Swali hilo halikuwa la adabu tu. Liliulizwa ili lijibiwe.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2003, alipozikwa mumewe Leopoldi, seremala. Msomaji alieleza kwamba marehemu alikanyaga msumari alipokuwa akiezeka paa la shule ya kambi, kwamba jeraha lilifunga juu likaoza ndani, na kwamba pepopunda ilimkunja hata akafia zahanati, mkewe akiwa amemshika taya. Lilipoulizwa lile swali, Revokatus, kaka yake Leopoldi, alisimama.

"Umesema mguu wa kushoto," akasema. "Ulikuwa wa kulia."

"Mguu si mguu tu?" mtu mmoja akanong'ona nyuma.

"Ukifa wewe tutasema ulikuwa na mkia," Revokatus akamjibu bila kugeuka. "Tuone kama ndugu zako watanyamaza."

Watu wakacheka palepale makaburini, msomaji akarekebisha, na Leopoldi akafukiwa akiwa na mguu wake halisi. Baada ya hapo Dafroza aliweza kulala. Miaka yote iliyofuata alimkumbuka mumewe kwa uchungu, lakini hakumkumbuka kwa mashaka.

Mwaka 2007 alihamishiwa Marekani kama mkimbizi, mjini Columbus, katika jimbo la Ohio, akapangiwa chumba Whitehall, kwenye majengo ya wapangaji ambako kila mlango ulikuwa na lugha yake. Alifua mashuka ya hoteli kwa muda, kisha akapata mafunzo na cheti cha kuhudumia wazee majumbani. Kazi hiyo ilimfaa. Alikuwa na mikono mikubwa isiyo na haraka, na alijua kumgeuza mtu kitandani bila kumfanya ajione mzigo. Mwaka 2011 wakala wake alimtuma Gahanna, karibu na uwanja wa ndege, katika nyumba ya mwanamume mmoja aitwaye Nenad, mwenye malori mawili ya kukodisha, amtunze mama yake aliyevunjika nyonga.

Mama huyo aliitwa Desanka. Alikuwa Mserbia wa Bosnia, nchi ya Ulaya iliyopasuka kwa vita mwanzoni mwa miaka ya tisini, majirani waliokuwa wakiazimana chumvi wakageuka wa kuchinjana. Sebuleni palitundikwa picha ya mumewe, Ratomir, kofia kichwani, na chini yake taa ndogo ya mafuta isiyozimwa. Ratomir alikuwa kiongozi wa chama cha Waserbia katika mji wao mdogo wa viwanda vya mbao, na mwenyekiti wa baraza la mji. Kila aliyeingia nyumbani humo alielezwa maneno yaleyale: kwamba aliuawa na adui, njiani, majira ya baridi ya mwaka 1993.

Wanawake hao wawili walijifunza Kiingereza ukubwani, na kwa kuwa kilikuwa kibovu kwa namna inayofanana, walielewana wao kwa wao kuliko walivyoeleweka na wenye lugha. Dafroza alimwita Bibi. Desanka alimwita mwanangu, ingawa walipishana miaka ishirini tu. Aliagiza kabichi za kukunjia nyama zipikwe sufuria zima, kila juma.

"Bibi, nani atakula zote hizi?"

"Wanaume wetu."

"Wa kwangu hali kabichi hata akifufuka."

"Basi afufuke kwanza, tutabishana naye mezani."

Siku moja Dafroza alikuwa akimwosha nywele, kichwa cha bibi kikiwa kimeegemea karai, maji ya uvuguvugu yakishuka shingoni. Desanka akauchukua mkono uliokuwa ukimsugua, akauvuta nyuma, akakiweka kidole cha Dafroza katika kishimo cha kisogo.

"Hapa," akasema. "Ilikuwa hapa."

Kisha akaeleza, macho yamefumba, povu la sabuni likiwa kichwani.

Ratomir hakuwa malaika, na mkewe hakumfanya malaika. Vita vilipokaribia, yeye mwenyewe ndiye aliyegawa bunduki nyuma ya kiwanda cha mbao, akiwaamini vijana waliomwambia kwamba ni za ulinzi tu. Alihutubia. Alipigiwa makofi. Majira ya baridi yalipofika, vijana haohao walikuwa wamewafungia majirani zao Waislamu, wake kwa waume, katika shule ya mji, na usiku walikuwa wakiwatoa wachache wachache. Ratomir alikwenda shuleni, akasimama mlangoni, akasema hao ni watu wa mji wake na hakuna atakayetoka isipokuwa kwa mabasi ya kuwavusha mto kwenda kwenye usalama. Kwa kuwa alikuwa mkubwa wao, siku ile walimtii, na mabasi yakavuka. Siku ya pili yake wakamwita mkutanoni. Gari lililokuja kumchukua lilikuwa na dereva mbele, na nyuma alikaa Obrad.

Obrad huyo alikuwa msimamizi wa ndoa ya Ratomir na baba wa ubatizo wa Nenad. Kwa Waserbia huo si urafiki wa sherehe moja. Nyumba mbili hufungwa pamoja. Anayembatiza baba hudai haki ya kumbatiza na mwana, na kumnyima haki hiyo huhesabiwa kama laana. Kwa hiyo Ratomir alikaa mbele, kisogo chake kikimwelekea mtu aliyemwamini kuliko ndugu.

Alirudishwa amefungwa katika blanketi. Obrad alisema adui aliwavizia kutoka msituni. Desanka akamwosha mumewe. Kioo cha gari alikiona uani, kizima. Koti halikuwa na tundu hata moja. Tundu lilikuwa kisogoni, na nywele zilizolizunguka zilikuwa zimeungua, jinsi zinavyoungua pale mdomo wa bunduki unapogusa ngozi. Dereva alimnong'oneza jina moja jikoni, la Obrad, akatoweka mjini. Siku ya mazishi Obrad alibeba jeneza upande wa mbele, akalia kuliko wote. Nenad alikuwa na miaka kumi. Mama yake alimtazama mtoto, akawatazama wenye bunduki, akafunga mdomo. Vita vilipokwisha, Obrad ndiye aliyewaombea njia ya kuja Amerika, akawapokea kwake Buffalo, akamfundisha Nenad kuendesha gari na kunyoa ndevu.

"Na wewe, mwanangu?" Desanka aliuliza, akijifuta macho. "Wako alikufaje?"

Dafroza akamsimulia juu ya paa la shule, msumari, taya lililokaza. Akamwambia hata habari ya mguu wa kushoto na wa kulia, na Desanka akacheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo kila mmoja alikuwa amemkabidhi mwenzake kifo cha mumewe. Dafroza alikiona kitendo hicho kuwa cha heshima kubwa, na hakudhani kwamba kitu kilichokabidhiwa hivyo kinaweza kutumiwa.

Mwanzoni mwa mwaka 2015 Nenad alipata mtoto wa kiume, akamwita Ratomir. Ikapangwa kwamba mwezi wa Juni familia yote iende Buffalo: Jumamosi kumbukumbu ya babu, Jumapili ubatizo wa mjukuu. Baba wa ubatizo angekuwa Obrad. Hakuna aliyeuliza kama angekuwa mwingine.

Desanka hakula siku ile habari ilipotangazwa.

"Atamshika mtoto kwa mikono ileile," akamwambia Dafroza.

"Mwambie mwanao, Bibi."

"Nenad hana baba mwingine ila yule. Nikisema, nitakuwa nimemuua baba yake wa pili."

"Usiposema, mtoto atabatizwa na aliyemuua babu yake. Chagua, Bibi. Mimi siwezi kukuchagulia."

Desanka aliitazama ile taa ya chini ya picha. "Nitasema," akajibu. "Siku ya kumbukumbu, mbele ya watu wote. Kabla ya maji."

Alilirudia neno hilo majira yote ya kuchipua, wakati wa dawa, wakati wa kuvishwa soksi. "Nitasema kabla ya maji." Dafroza alimwamini. Kwao mtu hasemi maneno kama hayo kwa kujifurahisha.

Safari ya kwenda Buffalo ilichukua sehemu kubwa ya siku. Kumbukumbu ilifanyika katika ukumbi wa kanisa, watu wapatao mia, meza zimetandikwa nguo nyeupe. Ngano iliyochemshwa na kusagwa na sukari ilipitishwa kwenye sahani, kila mtu akachota kijiko kimoja kwa ajili ya marehemu. Dafroza naye alichota. Alipenda kwamba wafu wa watu hawa nao walilishwa, na kwa mara ya kwanza katika nchi ile alijisikia yuko kwenye msiba anaouelewa.

Kisha Obrad alisimama. Alikuwa mzee wa sura nzuri, sauti ya chini, mkono mmoja begani kwa Nenad. Alizungumza Kiingereza, kwa kuwa vijana wengi hawakujua lugha nyingine. Akasimulia alikozaliwa Ratomir, shule aliyosoma, ndoa, uongozi. Ulikuwa wasifu kamili, wenye mpangilio uleule wa Mtabila. Akafika njiani, msituni, kwa adui. Akasema Ratomir alifia mikononi mwake.

Na alipomaliza akainua macho, akasema, "Kama kuna mwenye neno la kuongeza, karibu."

Hapo ndipo lilipotokea kosa ambalo mtu wa Mtabila peke yake angeweza kulifanya. Watu wote ukumbini walijua kwamba maneno yale ni ya adabu, na kwamba jibu lake ni kuinua bilauri. Dafroza alisikia swali. Akamtazama Desanka, akingoja. Desanka alikuwa ameinamia sahani yake, akikusanya kwa kijiko ngano isiyokuwepo, mdomo ukitetemeka bila sauti. Dafroza akadhani nguvu zimemwishia. Alimkumbuka Revokatus kaburini. Mwenye msiba akishindwa, wa karibu husimama kwa niaba yake.

Akasimama.

"Nina masahihisho," akasema.

Watu waligeuka kwa tabasamu, wakitarajia neno tamu la mhudumu.

"Marehemu hakuuawa msituni. Kioo cha gari hakikuvunjika. Alipigwa kisogoni, kwa karibu, nywele zikaungua, kwa sababu aliwavusha watu waliofungiwa shuleni. Aliyekuwa ameketi nyuma yake ni wewe, Mzee Obrad. Mkewe ndiye aliyemwosha. Haifai mtoto ashikwe na wewe kesho. Hayo tu."

Akaketi, kama anavyoketi mtu aliyerekebisha mguu wa kushoto kuwa wa kulia.

Obrad hakupandisha sauti. Alitikisa kichwa polepole, kwa huruma.

"Mama huyu ametoka Afrika," akasema. "Na kwao kulikuwa na vita vibaya. Tusimkasirikie. Anachanganya wafu."

Nenad alikuwa amesimama, uso umemwiva. Akamwinamia mama yake. "Mama. Ni kweli?"

Desanka akainua kichwa. Alimtazama mwanawe, akautazama mkono wa Obrad uliokuwa bado begani kwake. Akajibu kwa Kiingereza, ili wote wasikie, na Dafroza pia.

"Ni mume wake," akasema. "Mume wake ndiye aliyepigwa risasi kisogoni, na watu wake mwenyewe. Amenisimulia mara nyingi. Maskini, anachanganya."

"Bibi," Dafroza akasema.

Desanka hakugeuka.

"Bibi. Leopoldi?"

Obrad akamsogezea Dafroza bilauri ya maji, kwa upole mkubwa, akampigapiga bega. Dafroza akatamka maneno matatu kwa Kiswahili, "Mguu wa kulia," na hakuna mtu hata mmoja ukumbini aliyejua amesema nini.

Jumapili alikwenda kanisani, kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyejua kumwinua Desanka kutoka kitini. Alimwona Obrad akimpokea mtoto. Aliona padri akiwageuza wote wawili kuelekea magharibi, na Obrad, kwa niaba ya mtoto asiyejua kusema, akimkana Shetani mara tatu. Mtoto alikatwa vinywele vichache kama ilivyo desturi yao. Desanka alishika mshumaa wake wima muda wote; nta ilimdondokea vidoleni na hakuusogeza. Njiani kurudi, alinyoosha mkono kutoka kiti cha mbele akiutafuta wa Dafroza. Dafroza alijishughulisha na kukunja blanketi.

Walipofika Gahanna, Nenad alimfungulia mlango wa gari. "Kesho usije," akasema. Wakala alipopata malalamiko alimwondoa kazini, kwa hoja kwamba alitoa hadharani habari za nyumba ya mgonjwa. Dafroza hakujitetea. Alisema ni kweli, alizitoa.

Alihamia Louisville, kwa mdogo wake Kornelia, eneo la Okolona, akaajiriwa katika ghala la viatu. Kazi ilikuwa kutoa viatu kwenye maboksi makubwa na kuvitia katika madogo, watu wengi wa Kivu na Burundi wakiwa mstari mmoja. Kornelia hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Dada, umealikwa kula ngano ya Waserbia, ukaenda kuendesha kesi?"

"Waliuliza."

"Waliuliza! Na mzungu akikuuliza hujambo, unamweleza habari za magoti?"

"Kornelia."

"Bibi mwenyewe kakukana. Umewapigania watu wasiokuwa wako, mumewe ni wao, mtoto ni wao, muuaji ni wao. Wewe ulikuwa na nini pale?"

"Leopoldi," Dafroza akasema.

Kornelia hakuelewa mara moja, naye dada yake ilimbidi aeleze, akiwa ameshika mwiko. Kazi si kitu, alisema. Cheti si kitu. Lakini kule Buffalo sasa kulikuwa na ukumbi mzima wa watu wanaojua kwamba Leopoldi Minani alipigwa risasi na ndugu zake. Watawasimulia wengine, mezani, wakimhurumia mjane Mwafrika. Leopoldi, aliyezikwa akiwa amesahihishwa hata mguu, alikuwa ametolewa kaburini na kufukiwa upya kwa kifo cha mtu mwingine. Nani atasimama huko aseme sivyo? Kornelia akamwondolea mwiko mkononi, akaendelea kusonga ugali yeye.

Desanka alikufa majira ya baridi yaliyofuata. Dafroza alipata habari kwa simu ya mtu mwingine. Hakulia, na jambo hilo lilimtisha kidogo.

Kiangazi cha mwaka 2016, wakati wa mapumziko ya mchana, aliitwa kwamba ana mgeni katika maegesho ya ghala. Alikuwa Nenad, amekonda, ameegemea gari. Kwenye kiti cha nyuma alilala mtoto, mdomo wazi, kiatu kimoja kimemvuka.

"Shikamoo," Nenad akasema. Ndilo neno pekee la Kiswahili alilowahi kulishika, na zamani alilisema kwa kutania.

"Marahaba. Pole kwa mama."

"Mwishoni alimkataza Obrad kuingia chumbani. Akija, aligeukia ukutani. Nikamuuliza kwa nini, akanijibu kwa jina lako. Mara mbili. Basi." Alijipangusa jasho. "Nimeendesha gari kutoka Columbus kuja kukuuliza jambo moja. Ni mume wako au ni baba yangu?"

Dafroza alikitazama kile kiatu kidogo sakafuni mwa gari. Angeweza kusema neno moja. Lakini alikuwa amekwisha kulisema, mbele ya watu, saa ambayo lingezuia jambo, na mwenye neno alilikana. Halikuwa lake tena. Alilokuwa nalo ni moja.

Akasimama wima, mikono kando, jinsi wasomaji wa Mtabila walivyokuwa wakisimama.

"Leopoldi Minani," akasema, "alizaliwa Rumonge, Burundi, mwaka 1961. Mwaka 1972 wazazi wake walikimbilia Zaire. Alisoma mpaka darasa la sita, akajifunza useremala. Alinioa Uvira. Vita vya Zaire vilipoanza tulivuka ziwa, tukapokewa Tanzania, tukawekwa Mtabila. Mwaka 2003 alikuwa akiezeka paa la shule ya kambi. Aliposhuka alikanyaga msumari, mguu wa kulia. Jeraha lilifunga juu, likaoza ndani. Alikufa kwa pepopunda, kitandani, zahanati, nikiwa nimemshika taya. Hakupigwa risasi na mtu yeyote. Mama yako aliyajua haya yote. Alicheka habari ya mguu."

Nenad alikuwa ameshika paa la gari kwa mikono yote miwili.

"Kuna mwenye nyongeza au masahihisho?" Dafroza akauliza.

Alingoja jibu kwa dhati, kama alivyozoea. Nenad alitikisa kichwa.

Simu ikalia mfukoni mwake. Aliitoa, akaitazama, ikaendelea kulia mpaka mtoto akaamka, akanyoosha mkono kuitaka, akilitamka jina la Obrad kwa ulimi wake mfupi, kwa furaha. Nenad alimtazama mtoto. Kisha akaipokea. Dafroza hakuijua lugha ile, lakini miaka minne jikoni Gahanna ilimfundisha sauti ambayo Nenad hutumia kwa mzee yule, sauti ya mtoto kwa baba, na alisikia kwamba haikubadilika hata kidogo. Alicheka palipompasa kucheka. Akasema ndiyo, na ndiyo tena. Akamwekea mtoto simu sikioni.

Kengele ya kurudi kazini ikalia. Dafroza akainama ndani ya gari, akakiokota kile kiatu, akamvisha mtoto, mguu wa kulia, akaukaza ukanda wake, akarudi ghalani.